Usimimine Bila Mimi

Huddersfield, 12 Januari 1992

Shangazi mpendwa Euralie,

Nakusalimu kwa heshima, na natumaini barua hii imekukuta ukiwa na afya na si na hasira. Mimi ni Marcia, binti wa kwanza wa kaka yako Conliffe. Anwani yako nimepewa na Bi Ornella wa klabu ya watu wa kisiwa chenu cha Carriacou hapa mjini. Aliniandikia nyuma ya bahasha ya kanisa huku akiniambia nisimtaje. Nimeshamtaja.

Sisi huku hatujambo. Theluji inaanguka tangu Jumatatu na mabasi yanatembea yanapotaka. Mimi bado napika chakula cha watoto wa shule, viazi mia tatu kwa siku, mikono imekuwa ya mzee. Clive yuko Leeds, mke wake amejifungua mtoto wa kike, mnene, hana unywele hata mmoja. Mama, kama ulivyosikia, alitutoka miaka minne iliyopita. Baba yupo. Anakaa sana dirishani siku hizi.

Sasa shida yangu. Nimekata tiketi ya kuja huko kwa likizo mwisho wa Julai, wakati wa mashindano ya mashua. Nina miaka ishirini na minane na sijawahi kukanyaga kwenu, yaani kwetu. Na maneno ya huko siyajui. Baba alitukataza. Tukiwa wadogo, Clive akirudi na neno moja la klabuni, Baba anagonga meza: "Ongea kama watu wa redio!" Basi tumeongea kama watu wa redio mpaka leo, na klabuni nikifungua mdomo wanawake wananitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Naomba unifundishe maneno ya kila siku, yale watu wanayoyasema kweli, si ya vitabu vya watalii. Haya ndiyo ninayoyahitaji kwanza: Una kiu? Unaumwa wapi? Nikugeuze upande gani? Unasikia baridi? Unamwita nani? Usilie, nipo hapa.

Ukiweza nijibu upesi. Najua posta ya huko ina mwendo wake, lakini mimi kungoja siwezi, nimeumbwa hivyo. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta koti.

Mwana wa kaka yako,
Marcia


L'Esterre, Carriacou, 17 Februari 1992

Marcia mwanangu,

Barua yako imefika Ijumaa, nikaiweka chini ya bakuli la mbaazi mpaka Jumapili baada ya kanisa, kwa sababu sikujua kama naisoma au naiwashia jiko. Nimeisoma. Mwandiko wako ni wa baba yako mtupu, hiyo "t" inayoinama kama mlevi.

Huku ni kiangazi. Mbaazi zimevunwa, wanyama wameachiwa watembee wanakotaka, na mbuzi wa jirani yangu Thelma wameshakula kola ya gauni langu la Pasaka likiwa kwenye kamba. Maji ya mvua kwenye tangi yamebaki nusu. Mguu wa kushoto unanisumbua lakini natembea nao hivyo hivyo.

Miaka saba haijatoka barua kwenye nyumba ile, hata ya Krismasi, halafu ya kwanza kufika inaomba masomo ya likizo. Haya. Mimi si mchoyo wa maneno. Shika.

Ukiingia dukani, ukipanda basi, ukipita mbele ya mtu aliyekaa barazani kwake, salimia kwanza. Hata kama nyumba yake inaungua, salimia, ndipo useme moto. Giza likishaingia salamu ya kufikia ni "Usiku mwema". Ninyi huko mnaisema mkiondoka, sisi tunabisha nayo hodi. Mtu akikwambia "Naja sasa hivi", kaa chini, tafuta cha kula. Ukikuta watu wamekaa kwenye ukuta wa duka usiulize wanangoja nini. Hawangoji kitu, kaa nao. Mtu akikujulia hali usijibu "Nzuri sana, ahsante" kama mhudumu wa hoteli. Jibu "Tupo, tunasukuma." Na wazee watakuuliza "Wewe wa nani?" Hawataki jina lako, wanataka la waliokuzaa. Sema wewe ni wa bibi yako, Bi Adeline wa L'Esterre. Inatosha.

Halafu kuna kusonya. Kusonya hakuandikiki. Meno yafungwe, ulimi urudi nyuma, vuta hewa. Mfupi ni wa nzi. Wa kati ni wa mume. Ule mrefu, unaoanza mtu akiwa mlangoni na kwisha akiwa barabarani, utumie mara moja au mbili tu maishani mwako.

Sasa orodha yako. Nimeisoma mara tatu. Mtalii gani huyo anayekuja kuogelea na anajifunza kuuliza "Nikugeuze upande gani"? Utawageuza wenye mashua? Kwetu hatumwambii mtu "Unaumwa wapi." Tunamwambia "Mwili unasemaje leo?" Wala hatusemi "Usilie, nipo hapa." Tunasema "Nyamaza, nani kakugusa?" kama kwa mtoto, hata awe na miaka themanini.

Marcia, nani anaumwa?

Shangazi yako,
Euralie Enoe


Huddersfield, 14 Machi 1992

Shangazi,

Tupo, tunasukuma.

Theluji imeyeyuka, sasa ni matope. Mtoto wa Clive ameota nywele tatu, tumezihesabu. Nami nimefanya mazoezi. Jumatano mkuu wa jiko aliniambia nimekata karoti nene mno, nikamsonya, wa kati. Akaniuliza kama jino linaniuma, akaniruhusu niende kwa daktari wa meno. Sijui kama nimefaulu. Kwenye basi nilisalimia watu wote, mmoja mmoja, na mzee wa kiti cha mbele akashuka kituo kilichofuata.

Uliniuliza swali, nami nimekujibu karoti. Nimeshachana barua mbili kabla ya hii.

Ni Baba. Mwezi wa Novemba alianguka bafuni, kiharusi. Upande wake wa kulia haufanyi kazi. Wiki ya tatu alipopata sauti tena, Kiingereza chake chote kilikuwa kimekwenda. Miaka thelathini ya kuongea kama redio, halafu hakuna hata neno moja la kuombea chai. Anaongea maneno ya kwenu tu, na katikati anatia kile Kifaransa cha bibi zenu, haraka haraka, mdomo umepinda, na mimi mwanawe simwelewi. Manesi wanaokuja nyumbani wameandika kwenye faili kwamba amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Anakasirika kwa kuwa hakuna anayemjibu. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utasema anastahili.

Likizo ni ya kweli, tiketi ninayo. Nilitaka maneno kwanza kwa ajili yake, kisha nije nione yanakotoka.

Asubuhi ile ile barua yako ilipofika nilikwenda kusimama mbele ya kiti chake nikasema, "Mwili unasemaje leo?" Shangazi, aligeuza kichwa. Alinitazama kwa muda, juu mpaka chini, kama ndiyo kwanza naingia. Akasema, "Mwili unasema uongo." Nilielewa kila neno! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka kwa ile nusu ya mdomo.

Ila lipo moja analolirudia kila siku. Nilikuwa nalisikia kama kelele, sasa nalisikia lilivyo. Ananishika mkono kwa nguvu na kusema, "Lali, usimimine bila mimi. Wameshapika? Lali, usimimine." Bi Ornella anasema Lali ni wewe, jina la utotoni. Nilipomuuliza unamimina nini, akakumbuka ana sufuria jikoni. Nimjibu nini Baba? Kila nikinyamaza anazidi kunibana mkono.

Marcia


Huddersfield, 27 Aprili 1992

Shangazi,

Wiki sita. Najua posta, najua boti. Lakini mleta barua wa mtaa huu sasa akiniona mlangoni anavuka barabara, na sijawahi kumfanyia lolote ila kumuuliza kila asubuhi. Hatujambo. Baba amekonda kidogo. Jana alitupa kijiko.

Pengine unangoja mimi nianze kusema la mwaka 1985, Baba alipotakiwa kuja kwenu. Nitasema ninalolijua, si kubwa. Sanduku lake lilikaa koridoni wiki nzima. Suti mpya ilitundikwa mlangoni, tulikatazwa kuigusa. Siku ya safari alitoka asubuhi, Mama akampungia mkono mpaka kona. Saa tisa alasiri amerudi, sanduku mkononi, viatu vimelowa. Hakuwa amefika hata uwanja wa ndege. Alikaa kwenye benchi la stesheni ya hapa hapa mjini, treni zikaja na kuondoka, kisha akarudi nyumbani akavua suti. Mama hakumuuliza mbele yetu.

Baadaye ndipo tulipojua kiwanda cha sufu kilikuwa kimefungwa tangu Februari. Alikuwa anatoka kila asubuhi na kopo lake la chakula, anakwenda kukaa maktaba. Na kwenu alikuwa ameandika kwamba ameshakuwa msimamizi. Shangazi, nadhani aliona haya kushuka botini mbele ya watu wote wale akiwa si mtu tena. Sisemi ni sababu nzuri. Ndiyo niliyo nayo.

Nijibu, tafadhali. Hata kwa matusi.

Marcia


L'Esterre, 29 Aprili 1992

Marcia,

Barua yako ya Machi nimekaa nayo zaidi ya mwezi. Nimeanza kukujibu mara nne. Mvua bado, tangi linalia likigongwa. Nilipojua kaka yangu amepooza nilikwenda kufua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Mpikie supu ya mahindi. Weka pilipili moja nzima juu, ielee, usiipasue. Akigeuzwa, ageuzwe kwa kushoto, utotoni alikuwa analalia kushoto.

Unauliza tunamimina nini. Tunamimina ramu na maji juu ya jiwe la kaburi. Kwetu mtu hapewi jiwe siku anayozikwa. Jiwe linakuja miaka ikishapita, familia ikiwa tayari. Linalazwa nyumbani kwanza chini ya shuka jeupe, watu wanapika, ngoma kubwa inapigwa, ndipo linapelekwa kusimamishwa, na wa kwanza kumimina ni mzaliwa wa kwanza. Hapo ndipo marehemu anapotulia. Mwaka 1985 lilikuwa jiwe la mama yetu.

Akisema tena lile neno, mshike mkono wa kushoto umwambie: "Hatujamimina, Kaka Con. Chakula kipo motoni. Tunakungoja wewe." Sema Kaka Con, usiseme Baba. Sauti iwe ya kukaripia kidogo, mimi sijawahi kumbembeleza. Jizoeze mbele ya kioo mpaka iwe inatoka yenyewe.

Usiniulize zaidi.

Euralie


Huddersfield, 25 Mei 1992

Shangazi Euralie,

Salamu zangu leo ni fupi, utaniwia radhi. Tupo. Mtoto wa Clive ameota jino.

Nilifanya ulivyosema. Ilikuwa Jumapili, baada ya supu (pilipili niliipasua, tulikohoa wote wawili). Akanishika mkono: "Lali, usimimine." Nikasema maneno yako kwa sauti yako, au niliyodhani ni yako. Uso wake wote ulilegea. Akauliza, "Mmeningoja?" Nikasema tumekungoja. Akauliza nani anaangalia moto. Nikasema Thelma, ndilo jina pekee nililokuwa nalo. Akasema, "Ataunguza huyo!" kisha akalala alasiri nzima, na hajalala hivyo tangu Novemba. Nilikaa pale pembeni yake nikijiona mtu mwenye akili kuliko wote Yorkshire.

Jumatatu akaniamuru nitoe sanduku. Anakuja huko. Daktari amesema ndege itamuua, amesema hivyo hivyo bila kuzunguka. Baba hajali, anataka suti ipigwe pasi. Nimeipiga pasi, ipo mlangoni.

Basi nikaenda klabuni na furaha yangu nikamwambie Bi Ornella kwamba umemngoja kaka yako miaka yote hii. Aliweka karata zake chini. "Nani kakwambia?" akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa huko Mei ile. Nimekula pale ugali wa kuviringisha na nyama ya kondoo, nimecheza ngoma mpaka kisigino kikapasuka. Jiwe lilisimamishwa, mwanangu. Jeupe, zuri. Ila jina la baba yako halipo. Tulitazamana wote, hakuna aliyethubutu kumuuliza Euralie."

Kwa hiyo umenipa uongo nimlishe baba yangu, na umenipa kwa lugha yake, ambayo nimeitaka maisha yangu yote. Nilidhani unanifundisha kuongea naye! Nina hasira na wewe kiasi kwamba nilipokuwa kwenye foleni ya stempu nilisonya, ule mrefu, na safari hii hakuna aliyenitajia daktari wa meno.

Sasa niambie nifanye nini. Nikimwambia kweli nitamuua kabla ya hiyo ndege. Nisipomwambia, kila siku ananiuliza kama chakula kimeiva, nami namjibu bado, bado, bado. Sina pa kujiweka ndani ya nyumba hii.

Marcia


L'Esterre, 18 Juni 1992

Marcia mwanangu,

Ule mrefu nimeustahili.

Mvua imekuja, tangi linafurika, wanyama tumewafunga tena. Hayo ndiyo mazuri, sasa ngoja nikwambie mengine.

Ornella ana mdomo lakini si mwongo. Mwaka ule nilikwenda gatini Hillsborough siku tatu, kila boti ilipoingia, nimevaa kofia. Kijiji kizima kiliniona nikienda na kikaniona nikirudi. Kondoo walikuwa wameshachinjwa. Wazee walikuwa wameshakuja, na ngoma zimekaushwa juani. Siku ya nne nikasema basi. Ngoma yetu haianzi mpaka familia ipige magoti na kuwaomba radhi waliotangulia. Nikapiga magoti. Nikauongoza wimbo mimi, naomba radhi kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni, na moyoni nilikuwa nimemfungia ndugu yangu nje. Nikamimina mimi.

Na siku moja kabla nilikuwa nimekwenda kwa fundi Sylvan. Alikuwa ameshachonga: mama wa Conliffe, Euralie na marehemu Augustin. Nikamwambia atoe la kwanza. Akakataa, akasema yeye kazi yake ni kuandika watu, si kuwafuta. Nikachota saruji kwenye ndoo yake nikalijaza lile jina kwa kidole changu mwenyewe. Ornella aliona pengo. Angesogea karibu angeona alama ya kidole.

Tangu siku ile mama yangu haji ndotoni. Wengine wote wanakuja, hata Augustin aliyepotelea baharini, hata mjomba ambaye hakuwa akinipenda. Yeye haji. Miaka saba nalala namngoja, na naamka nikijua ni kwa nini.

Nilipokuandikia yale maneno sikuwa na mengine. Nilitaka tu kaka yangu alale. Ilipokuja barua yako ya hasira nikaisoma nimesimama, nikaona kwamba siwezi kuyarudisha yale maneno mdomoni mwako, lakini naweza kuyafanya yawe kweli. Wiki iliyopita nikamwita Sylvan na nyundo zake, nikamwonyesha kaburi, nikasema ling'oe.

"Una wazimu?" akasema. "Miaka arobaini nasimamisha mawe, sijawahi kuombwa kung'oa hata moja."

Nikamwambia, "Habari za asubuhi, Sylvan. Hata hujanisalimia."

Akacheka, akakaa chini, akanitazama. Akaona sitanii. Akaling'oa.

Jiwe liko nyumbani sasa, juu ya kitanda cha mgeni, chini ya shuka jeupe. Mama hana jiwe. Hakuna kilichomiminwa. Watu wanapita mbele ya baraza langu polepole na kunisalimia mara tatu tatu, wapate kuchungulia. Wachungulie. Thelma anasema nimefanya jambo la aibu, na papo hapo anauliza alete sufuria ngapi. Chakula kitakuwa motoni tarehe moja Agosti, kama ulivyomwambia baba yako.

Saruji naitoa mwenyewe kwa msumari. Nimefika kwenye "n". Ilikuwa rahisi zaidi kuiweka.

Sasa wewe una kazi. Mwambie yote. Kwamba nilimimina, kwamba nilimfuta, na ni kwa kidole changu, si kwa fundi. Kwamba nimeling'oa. Usipambe. Mwambie kwa maneno ya kwetu, asije akasema hakuelewa. Halafu niandikie atakachosema, lote, hata likiwa la kunilaani. Sitaki nusu, Marcia. Naogopa jibu lake na sitaki kuliogopa kwa miaka mingine saba.

Shangazi yako,
Lali


Huddersfield, 8 Julai 1992

Shangazi Lali,

Tupo. Jua limetoka siku mbili mfululizo na watu wa hapa wameanza kulalamika kuhusu joto. Clive anakusalimu, anasema mtoto anaitwa Adeline, hukuambiwa kwa sababu hatukuwa tunaambiana kitu.

Baba haji. Daktari wa pili amesema kama wa kwanza. Hilo lilikuwa mapema Juni, kabla barua yako haijafika. Nilidhani atatupa vijiko. Aliitazama suti pale mlangoni, akasema niirudishe kabatini, vumbi linaipata. Halafu akasema, "Si wewe ni wa kwanza wangu?" Tangu siku ile ananifundisha. Kila alasiri nikitoka kazini ananisimamisha katikati ya sebule na glasi ya maji. Mguu upi mbele. Mkono upi. Jina gani linaitwa kwanza na gani linafuata, mpaka kwa wale wa Kikromanti, mababu walioletwa kutoka Afrika, ambao hata Bi Ornella hawajui. Nikikosea anapiga mkono wa kiti. Zulia limelowa mpaka Clive alidhani bomba limepasuka. Maneno yenyewe siandiki, amenikataza. Nimekuwa nikimtazama mdomo wake uliopinda ukinirudishia yote aliyotunyima, na mara nyingine inabidi nitoke niende nikaoshe vyombo ambavyo ni safi.

Unaona basi ilivyokuwa. Ananifundisha kumimina palipokwisha miminwa, nami najua, nanyamaza. Barua yako iliponifikia nilikaa nayo siku nne. Kutoka jikoni kwenda dirishani, kutoka dirishani kwenda jikoni. Baba akaniuliza kama nina siafu.

Jumapili nilivuta stuli. Nikamwambia. Kwa maneno ya kwenu, nikijikwaa, nikirudi nyuma, nikianza tena. Kondoo. Boti. Siku tatu. Kupiga magoti. Nilipofika kwenye saruji nilitaka kuruka, sikuruka. Nikasema Lali mwenyewe, kwa kidole. Nikasema jiwe limeng'olewa, liko kitandani, msumari, herufi umefika ipi.

Hakulia. Nililia mimi. Alitazama nje muda mrefu kiasi kwamba mama wa nyumba ya pili alitoka, akaanua nguo zake zote, akaingia ndani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenishika lakini haukuwa ukinibana.

Ulisema hutaki nusu, kwa hiyo haya ndiyo yote aliyosema, sijaongeza na sijapunguza. Alisema, "Siku tatu? Na kofia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikuwa nimekaa stesheni." Nikasema najua.

Kisha akasema, kwa sauti iliyonyooka kuliko zote tangu alipoanguka: "Na mimi ningemfuta."

Nafika Alhamisi tarehe thelathini, kwa boti ya mchana.

Mwanao,
Marcia